Mnyama Akikukatizia Njia: Mwongozo wa Mwendesha Pikipiki wa Barabara za Vijijini

Mwongozo huu ni wa yeyote anayefanya kazi kwa pikipiki nje ya mji: kijana wa bodaboda anayepeleka abiria mnadani, bwana shamba, mwalimu anayekaa mbali na shule, mhudumu wa afya anayezungusha chanjo vitongojini. Barabara zetu hazina uzio. Ng'ombe wanazipita asubuhi na jioni, mbuzi wanalala juu yake, mbwa wanatoka uani kuzilinda, na mahali pengine tembo walikuwa na njia yao hapo kabla greda halijafika.

Ukitaja mnyama na pikipiki, wengi hufikiria simba. Lakini anayekutana nasi kila siku ni ng'ombe, mbuzi, punda na mbwa, na kwa sababu tumewazoea hatupunguzi mwendo. Hapo ndipo tunapoumia. Kila mnyama ana tabia yake, na tabia hiyo inasomeka mapema. Mwenye kuisoma akiwa mita 100 nyuma anapita salama. Mwenye kushtukia akiwa mita 10 hana la kufanya zaidi ya kushika breki na kuomba Mungu.

Hatua ya 1: Kagua pikipiki kwa ajili ya mnyama, si kwa ajili ya trafiki

Anza na breki ya mbele. Wapo vijana wengi wanaoiogopa, wameambiwa "itakupindua", basi wanailegeza kabisa na kutegemea ya nyuma peke yake. Ukifunga breki, uzito mwingi unahamia tairi la mbele. Ndilo lenye nguvu ya kukusimamisha. Pikipiki isiyo na breki ya mbele haifai kupita kwenye njia ya mifugo. Hakikisha mkono wa breki unabana bila kugusa mpini, na kama ni ya waya, waya haujachakaa.

Angalia tairi, hasa la mbele, na upepo wake. Kaza kioo cha pembeni, maana ukifunga breki ghafla utataka kujua kama nyuma yako kuna lori. Vaa kofia ngumu yenye kioo cha usoni: mdudu mmoja jichoni saa kumi na mbili jioni anatosha kukupeleka mtaroni. Viatu viwe vya kufunika kifundo cha mguu. Ndala hazikukingi na meno ya mbwa wala na joto la ekzosi ukianguka.

Halafu taa. Fanya jaribio hili usiku mmoja, halitakugharimu kitu. Simamisha pikipiki mahali tambarare, washa taa ya chini, mwombe mwenzako avae nguo nyeusi na atembee kwenda mbele polepole. Pale unapoacha kumwona vizuri, mwambie asimame, kisha hesabu hatua ndefu kutoka tairi la mbele hadi alipo. Kila hatua ni kama mita moja. Rudia kwa taa fulu. Namba mbili hizo zikariri, tutazitumia sasa hivi.

Hatua ya 2: Linganisha mwendo na unachokiona

Ukienda kilomita 50 kwa saa, kila sekunde inapopita umesogea mita 14 hivi. Tangu jicho lione ng'ombe hadi mkono ubane breki, sekunde moja imeshapita. Kwenye lami kavu, pikipiki yenye breki nzima itahitaji mita nyingine 16 au zaidi ndipo isimame. Jumla ni mita 30. Ukienda kilomita 80 kwa saa, jumla hiyo inavuka mita 60. Kwenye changarawe au mchanga, hata kwa kilomita 50 hesabu mita 40 na ziada. Ukiwa umebeba abiria na gunia la mahindi, ongeza tena, na ukibeba mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, usitegemee namba yoyote kati ya hizi.

Sasa rudi kwenye hatua ulizohesabu usiku ule. Kama taa yako ya chini inaonyesha mita 30 tu, basi kilomita 50 kwa saa ndio mwisho wako kwenye lami, na kwenye vumbi ni 40 au chini yake. Hii ndiyo sababu mtu anamgonga punda aliyesimama tu, hajaruka wala kukimbia. Alikuwa pale muda wote. Pikipiki ndiyo iliyokuwa inakwenda mbele ya taa yake.

Mchana sheria ni ileile, ila badala ya taa tazama vichaka. Mahali majani yamefika kwenye bega la barabara, huoni kinachotoka humo. Hama, sogea katikati ya upande wako, toa mafuta kidogo, yaani legeza mkono wa mafuta, weka vidole viwili juu ya mkono wa breki.

Hatua ya 3: Soma barabara kabla mnyama hajatokea

Barabara inasema mengi. Kinyesi kibichi cha ng'ombe kinachong'aa katikati ya njia maana yake kundi limepita si muda mrefu, nalo liko mbele au limeingia kichakani kando. Kinyesi kilichokauka na kukanyagwakanyagwa kinaonyesha wanavukia hapo kila siku. Vumbi jepesi linaloelea juu ya miti wakati hakuna gari ni kundi linatembea. Yangeyange, wale ndege weupe, wakiruka kwa pamoja kutoka kwenye majani, chini yao kuna ng'ombe hata kama hujawaona. Kengele utaisikia ukipunguza mafuta.

Jua saa zao. Asubuhi jua likishapanda kidogo, mifugo inatoka mazizini. Mchana inakwenda lamboni au kisimani. Kuanzia saa kumi jioni inarudi, na hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote: ng'ombe wana haraka ya kufika nyumbani kwa ndama wao, mchungaji amechoka, na jua linakupiga usoni kama unaelekea magharibi. Jua pia siku za mnada kwenye njia yako. Siku hiyo utakutana na ng'ombe wageni wasioijua barabara, wanaoswagwa na watu wasiowajua, na hao hushtuka kirahisi kuliko wa kijijini waliokwisha kuzoea pikipiki.

Kiangazi kikikolea, majani mabichi hubaki mitaroni ambako maji ya mvua yalituama, kwa hiyo mbuzi na swala hujaa kando ya lami. Masika nayo huleta lake: ardhi ikiwa tope, wanyama hupenda kulala juu ya lami kavu yenye joto.

Jambo moja likukae kichwani kila wakati: ukiona mmoja, hesabu kuna wa pili. Ndama yuko nyuma ya mama, mwanambuzi yuko nyuma ya mbuzi, swala anafuata swala. Aliyekwisha kuvuka hana shida nawe tena. Anayekuangusha ni yule aliyebaki upande wa pili na kuona wenzake wameondoka.

Hatua ya 4: Jifunze kufunga breki ukiwa umenyooka

Nenda uwanja wa mpira siku hauna watu, jifunze hili mpaka mwili ulizoee. Toa mafuta yote. Bana breki ya mbele kwa vidole, kwanza polepole, halafu ongeza nguvu kadiri shokapu za mbele zinavyoshuka. Wakati huohuo kanyaga ya nyuma. Klachi ivute mwishoni, karibu na kusimama. Pikipiki iwe wima na usukani umenyooka. Tairi la mbele likikwama na kuanza kuteleza, liachie hapohapo kisha bana tena. Kwenye mchanga na changarawe, ipe ya nyuma kazi kubwa zaidi na ya mbele kazi kidogo.

Kosa linalovunja watu miguu ni kufunga breki na kukata kona kwa wakati mmoja. Chagua moja. Kama nafasi ya kupita ipo na unaiona wazi, achia breki, pinda. Kama huioni, endelea kufunga breki moja kwa moja. Na macho yaangalie ile nafasi, yasimkodolee mnyama, kwa sababu pikipiki huenda macho yanakokwenda.

Kama kugonga hakuepukiki, usiilaze pikipiki. Tairi lina breki, ubavu wa chuma hauna. Punguza mwendo mpaka dakika ya mwisho ukiwa wima. Kila kilomita unayoipunguza ni nguvu inayopungua kwenye mwili wako. Mnyama akiwa mdogo, kuku au kanga au sungura, shika usukani imara, achia breki kabla ya kumgusa ili shokapu zipande, nyanyuka kidogo kwenye vikanyagio, pita umenyooka. Najua inauma kumkanyaga kuku wa mama wa watu. Kuku analipika. Kijana aliyemkwepa kuku akaingia uvunguni mwa Fuso hatarudi.

Hatua ya 5: Mpe kila mfugo heshima yake

*Ng'ombe.* Macho yake yako pembeni mwa kichwa, anaona pande zote isipokuwa nyuma kabisa ya mkia. Ukimtokea nyuma kimya kimya kisha ukapiga honi ukiwa karibu, ataruka upande wowote, hata huko unakopita. Honi ipigwe mbali, fupi, mara moja au mbili, halafu nyamaza. Ukifika karibu teremsha gia mpaka ya pili au ya kwanza, mlio wa injini uwe mtulivu.

Tafuta mchungaji kabla ya kutafuta njia. Kati ya Dumila na Kilosa, mkoani Morogoro, utawaona madereva wa boda wenye uzoefu wakifanya hivi: wanasimama mbali, wananyanyua mkono, wanamwita yule mtoto mwenye fimbo, "Dogo, nipitie upande gani?" Dogo anaelekeza kwa fimbo, anapiga mluzi, ng'ombe wawili watatu wanasogea, pikipiki inapita taratibu mguu ukiwa karibu na ardhi. Nusu dakika imetumika. Salamu nayo ina kazi, maana kesho utapita hapohapo, na mchungaji anayekujua atawaondoa ng'ombe kabla hujafika.

Kama mchungaji haonekani, pita nyuma ya ng'ombe anayevuka, upande wa mkia, usijaribu kumuwahi mbele ya pembe. Ng'ombe hujua kwenda mbele, kurudi nyuma kunamchukua muda. Usipite katikati ya mama na ndama. Usipite katikati ya kundi lililogawanyika pande mbili za barabara mpaka waliobaki wavuke au washikwe. Fahali anayeteremsha kichwa na kuparua ardhi kwa kwato, mwachie barabara, rudi nyuma.

Ukiwa na abiria mwambie mapema: "Mama, shika vizuri, kuna ng'ombe mbele." Abiria aliyeshtukizwa hukuegemea mgongoni au huvuta bega lako, na hapo usukani si wako tena.

*Mbuzi na kondoo.* Watu huwachanganya hawa wawili, lakini barabarani hawafanani. Mbuzi kila mmoja ana akili yake. Watano watakimbilia kushoto na wa sita atarudi kulia kumfuata mwanawe. Kondoo wanafuatana. Akivuka wa kwanza, wote watavuka, hata kama wewe uko mbele yao. Kwa kondoo simama mstari uishe. Kwa mbuzi nenda mwendo wa kutembea.

*Punda.* Haogopi honi. Husimama katikati ya njia, tena usiku, na rangi yake ya kijivu inafanana na vumbi. Mkoani Dodoma na kwenye maeneo ya Wamaasai tegemea kumkuta wakati wowote. Mpite mbali na miguu ya nyuma, maana teke lake linafika mahali goti lako lilipo. Akiwa anavuta mkokoteni, angalia mzigo uliochomoza pembeni.

*Mbwa.* Mbwa wa kijijini anayekukimbilia haelekei pale ulipo. Anakata kwenda pale utakapokuwa. Kwa hiyo ukimwona anatoka uani, punguza mwendo mapema, teremsha gia. Naye atabadilisha hesabu yake. Akishakaribia, ongeza mafuta kwa nguvu lakini bila kuyumba, utamwacha nyuma. Miguu ibaki kwenye vikanyagio. Ukimpiga teke, unabaki na nusu ya akili na mguu mmoja wa kusimamia, na mbwa akiingia chini ya tairi la mbele umeanguka.

Kama ni njia unayopita kila siku, jaribu lingine: simama kabisa, zima injini, ongea naye kwa sauti ya kawaida, mwite mwenye mji. Mbwa wengi wanachokimbiza ni mwendo na mlio. Vikiisha, hamu inaisha. Mwombe mwenyeji amchanje. Mara nyingi wilaya huchanja bure mbwa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

*Nyoka na nyuki.* Jioni kifutu, ambaye wengine humwita moma, hupenda kujilaza kwenye njia yenye joto na hasogei ukimkaribia. Usimkanyage ukidhani umemmaliza. Mpite mbali, na kama huwezi, nyanyua miguu yote miwili juu. Ukiingia kwenye kundi la nyuki, shusha kioo cha kofia, usisimame, usipunge mikono, endelea mpaka uwaache mbali ndipo ushuke kutoa walioingia nguoni.

Hatua ya 6: Barabara za wanyamapori zina sheria nyingine

Zipo barabara za umma zinazopita ndani ya hifadhi au kwenye njia za kale za wanyama. Ya Morogoro kwenda Iringa inaikata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Ya Mpanda kwenda Sumbawanga inapita Katavi baada ya Sitalike. Ya Itigi kwenda Makongolosi inapita Pori la Akiba la Rungwa. Kati ya Makuyuni na Babati kuna Kwakuchinja, ambako wanyama huvuka baina ya Tarangire na Manyara. Kenya, barabara ya Nairobi kwenda Mombasa inapita baina ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na ya Voi kwenda Taveta inakata Tsavo Magharibi.

Kabla ya kuingia, jaza mafuta, kagua tairi, nenda haja. Lengo ni usisimame humo ndani bila sababu. Pita kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni. Kama muda umekwisha, lala upande huu. Kama unaweza, ambatana na gari au pikipiki nyingine, ukiacha nafasi ya kutosha. Heshimu kibao cha mwendo. Mikumi, anayegonga mnyama hutozwa faini kulingana na aina ya mnyama, na ya twiga hutaiweza.

Katavi na Rungwa kuna mbung'o, nzi wanaong'ata ambao wengine huwaita ndorobo. Hufuata kitu kinachotembea na hupenda rangi ya buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Vaa nguo nzito za kaki au kijivu, ufunge mikono ya shati. Anayeng'atwa shingoni huku anaendesha huachia usukani bila kufikiri.

Swala huruka bila taarifa, na hufuatana. Ngiri hukimbia mkia juu, familia nzima kwenye mstari, watoto mwishoni. Nyani hukaa kando kwa sababu abiria wa mabasi huwatupia chakula. Usisimame, na mkungu wa ndizi usiuning'inize nyuma, ufunike. Twiga anavuka kwa maringo na anasimama katikati kukutazama. Mwache amalize, usimzunguke, maana akishtuka hukimbia ovyo na miguu yake ni mirefu kuliko wewe na pikipiki yako. Nyati dume aliye peke yake kichakani ni wa kuogopwa kuliko kundi. Ukiona simba kando ya njia nawe uko kwenye mwendo, endelea na mwendo uleule, usisimame kupiga picha. Karibu na mito kama Rufiji na Kilombero, kiboko hutoka usiku kwenda malishoni. Usijikute baina yake na maji.

Tembo anastahili maelezo marefu. Ukimwona mbele, simama mita 100 au zaidi. Usipige honi, usiungurumishe injini, usimmulike taa fulu. Jambo la kwanza la kufanya, kabla ya kuamua lolote, ni kugeuza pikipiki polepole ielekee ulikotoka na kuacha injini ikinguruma taratibu. Kugeuza pikipiki kwenye mchanga huku tembo anakuja ni kazi isiyowezekana. Ukishageuka, mtazame kupitia bega.

Akiendelea kula, masikio yakipepea taratibu, ametulia. Akisimama kula, akanyanyua kichwa, akatandaza masikio, akaning'iniza mguu mmoja wa mbele au kukunja mkonga juu kunusa upepo, anakuambia umemkaribia mno: ondoka. Dume mwenye majimaji yanayotiririka baina ya jicho na sikio, na mkojo unaodondoka miguuni, yuko kwenye kipindi cha ukali. Huyo usimsubiri, rudi kijijini. Wakiwa majike na watoto, ngoja wote wavuke kisha hesabu dakika tano nyingine, kwani mara nyingi kuna aliyechelewa. Usijaribu kamwe kuchomoka katikati yao.

Akija na huna pa kukimbilia kwa pikipiki, iache. Chuma hununuliwa. Weka mti mkubwa, mwamba au korongo baina yako na yeye, na uende upande ambao upepo hautampelekea harufu yako.

Hatua ya 7: Usiku

Ushauri wangu wa kwanza ni usisafiri. Lakini mama mjamzito hachagui saa, na boda ndiyo gari la wagonjwa la vijiji vingi, kwa hiyo tuseme yanayosaidia.

Macho ya wanyama wengi hung'aa yakipigwa na taa. Ukiona nukta mbili za kijani au njano gizani, punguza mwendo kabla ya kujua ni nani. Ila macho hung'aa akiwa amekutazama tu. Aliyekupa ubavu haonekani, na twiga macho yake yako juu ya taa yako kabisa, utaona miguu minne kama miti. Ukipishana na gari, mwanga wake utakupofusha kwa sekunde kadhaa, na nyuma ya mwanga ule ndiko punda anakosimama. Toa mafuta mapema, tazama ukingo wa kushoto wa barabara, usirudishe mwendo mpaka macho yarudi. Mnyama akiduwaa mbele ya taa fulu, shusha taa, simama, mpe nafasi ya kuondoka.

Ukikuta mzoga barabarani, usipite ukiugusa. Fisi na mbwa huwa karibu nao.

Hatua ya 8: Umegonga. Sasa?

Kwanza toka barabarani wewe na abiria wako, kisha pikipiki kama inasogezeka. Weka matawi ya miti pande zote mbili, mbali ya kutosha, ili gari lisije kumalizia. Kagua mwili wako hata kama husikii maumivu. Jeraha linalovuja damu, kandamiza kwa kitambaa safi bila kuachia. Aliyeanguka na kulalamika shingo au mgongo asinyanyuliwe na watu wanne kwa mikono na miguu. Abaki alivyo mpaka kipatikane kitu bapa cha kumbebea. Kofia yake usiivute, ila kama hapumui.

Mnyama aliyejeruhiwa usimsogelee. Ng'ombe aliyevunjika mguu bado ana pembe.

Mfugo una mwenyewe. Usikimbie, kijiji kizima kitajua pikipiki ya rangi gani ilipita. Mpigie mwenyekiti wa kitongoji au afisa mtendaji wa kijiji, mazungumzo yafanyike mbele yake na makubaliano yaandikwe na kusainiwa. Kama watu wamekusanyika kwa hasira, nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu ukajieleze huko. Piga picha za eneo mapema. Kuumia kwa ajali kunahitaji fomu ya PF3 kutoka polisi; iulize mapema ili hospitali isikusumbue. Na ujue kwamba bima ndogo, ile ya kumlipa mtu mwingine tu, haitengenezi pikipiki yako.

Mnyamapori ni tofauti. Toa taarifa kwa askari wa hifadhi au polisi. Tanzania namba ya dharura ni 112, Kenya ni 999. Usichukue nyama, hata paja moja, hata kama digidigi amekufa mwenyewe mbele ya tairi. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 hiyo ni nyara ya serikali, na kukutwa nayo bila kibali ni kesi nzito kuliko ajali yenyewe. Juu ya hayo, mnyama anayegongwa kirahisi anaweza kuwa mgonjwa, na kimeta hakiishi kwa kuchomwa mishikaki.

Hatua ya 9: Kung'atwa na mbwa au nyoka

Mbwa akikung'ata au kukukwaruza, hata kama damu ni kidogo na mbwa unamfahamu, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, kwa saa, usikadirie. Usipake mafuta ya taa, majivu wala pilipili. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ukaanze chanjo. Si kila zahanati inayo. Piga simu kwanza hospitali ya wilaya ili usipoteze siku ukizunguka. Chanjo hutolewa kwa awamu, malizia zote ulizoandikiwa hata kama kidonda kimepona. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba, lakini kabla ya dalili kinazuilika. Mbwa asiuawe haraka kama anaweza kufungwa salama; mtaalamu wa mifugo atamwangalia kwa siku 10.

Nyoka akikuuma, ondoka alipo, usimtafute. Vua pete, saa na kiatu kabla ya kuvimba. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza. Funga mguu kwenye kijiti usitikisike, na usiendeshe mwenyewe: mtu akuendeshe, mwingine akae nyuma yako akushike, maana kizunguzungu kinaweza kuja njiani. Swila akikutemea machoni, osha kwa maji mengi mfululizo, usifikiche, nenda hospitali. Mwambie daktari saa uliyoumwa na rangi ya nyoka kama uliiona. Kabla ya kuondoka piga simu hospitali unakokwenda kuuliza kama dawa ya sumu ipo, na kama haipo, waombe wakuelekeze hospitali yenye dawa hiyo ili uende huko moja kwa moja.